Ua wa Michongoma: Namna ya Kuuotesha kwa Mbegu

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mti mdogo ambao hapana mtoto wa pwani asiyeujua, kwani ama amepata kuyala matunda yake, ama amepata kuchomwa na miiba yake, na wengi wetu tumeyapata yote mawili kwa siku moja. Mti huo ni mchongoma.

Wahenga walisema: Kuupanda mchongoma, kuushuka ndiyo ngoma. Walikuwa wakisema habari ya mtu aliyekwea juu ya mti wa miiba bila kufikiri atakavyoshuka. Mimi leo nasema habari ya kuupanda ardhini, na huko mambo ni kinyume chake: taabu yote iko mwanzoni, na raha huja baadaye. Lakini yako mambo ambayo mpandaji asipoyajua, hungoja matunda miaka mingi asiyaone. Nimeyaona mambo hayo nyumbani kwetu, na kwa hiyo nitaanza na habari ya nyumbani.

Ua uliokataa kuzaa

Kwetu ni Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, katika njia ya Pangani, karibu na magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Nchi yetu huko ina mawe mengi ya matumbawe, udongo wake ni haba, na upepo wa bahari hauishi kuvuma. Minazi husitawi, muhogo husitawi, na mbuzi nao husitawi. Asiye na ua hulima kwa ajili ya mbuzi wa jirani.

Marehemu babu yangu alikuwa na shamba la muhogo na kunde. Kila mwaka alikwenda kichakani kukata matawi ya miiba, akayapanga kuzunguka shamba. Ua wa namna hiyo ni mzuri kwa msimu mmoja. Mvua zikinyesha matawi huoza, mchwa hula yaliyobaki, na mwaka wa pili yule mbuzi hupita pale pale alipozuiliwa mwaka wa kwanza. Basi hukatwa miiba mingine. Na kwa kuwa kila mwenye shamba alifanya vivyo hivyo, kichaka kilisogea mbali mwaka kwa mwaka, hata kazi ya nusu siku ikawa kazi ya siku mbili.

Ndipo babu akapata shauri. Karibu na kisima palikuwa na mchongoma mkubwa, wenye machipukizi mengi yaliyotoka katika mizizi yake. Aliyachimbua machipukizi hayo, akayapanda mstari mmoja upande wa mashariki wa shamba. Yalishika, yakakua, na baada ya miaka kadhaa ua ukafungamana hata kuku hakuweza kupenya. Babu alifurahi sana. Lakini ua ule ulitoa maua, nyuki wakaja, maua yakapukutika, na tunda moja halikuonekana. Mwaka uliofuata ikawa vivyo hivyo, na wa tatu pia.

Maneno yakawa mengi. Mmoja alisema ni jicho la hasidi. Mwingine alisema ardhi imechoka. Wa tatu, ambaye mbuzi wake walikuwa hawapiti tena, alisema mti usiozaa ni nuksi, afadhali ukatwe. Babu alikaribia kuukata. Lililomzuia ni mambo mawili: muhogo wake ulikuwa salama, na kulikuwa na mgeni mmoja, mtu mzoefu wa bustani, aliyemwuliza swali moja tu: “Je, mchongoma ule wa kisimani, mama wa miche hii, umepata kuuona ukizaa?” Babu alifikiri, kisha akajibu kwamba hakuwahi. Yule mgeni akacheka, akasema: “Basi huo si mama, ni baba.”

Mti dume na mti jike

Wasikilizaji wangu, jambo hili si la ajabu. Katika miti mingi, kila ua lina sehemu ya kiume na sehemu ya kike pamoja, na kwa hiyo mti mmoja peke yake huweza kuzaa. Lakini iko miti ambayo dume ni mti mbali na jike ni mti mbali. Mpapai ni hivyo. Kila mtu ameona mpapai dume, wenye maua mengi yanayoning'inia katika vikonyo virefu, wala hauna faida ya matunda. Mtende nao ni hivyo. Watu wa Oman, ambao maisha yao tangu kale yamefungamana na mtende, hawaungoji upepo ufanye kazi. Hukwea juu ya mtende jike wakati wa maua, wakautia unga wa maua ya dume kwa mikono yao. Wasipofanya hivyo mavuno huwa haba.

Mchongoma umo katika jamii ya miti hiyo. Kwa kawaida kichaka kimoja huwa dume tu au jike tu. Maua yake ni madogo, ya rangi ya manjano iliyofifia au nyeupe yenye ukijani, nayo hayana fahari machoni. Lakini nyuki huyapenda. Chukua ua moja uliangalie kwa makini. Ukiona nyuzi nyingi nyembamba zimesimama pamoja kama brashi ndogo, na katika ncha zake mna unga wa manjano, huo ni mchongoma dume. Ukiona katikati ya ua pana kijidude cha kijani, mviringo, chenye vijipembe vifupi juu yake, huo ni mchongoma jike, na kijidude kile ndicho kitakachokuwa tunda. Unga wa dume, ambao wataalamu huuita chavua, lazima ufike juu ya vile vijipembe. Mchukuzi wake ni mdudu, hasa nyuki.

Sasa mwaona kosa la babu lilikuwa wapi. Chipukizi la mzizi si mtoto wa mti, bali ni kipande cha mti ule ule. Chipukizi la dume ni dume, hata ukilipanda mara mia. Alipanda ua mzima kutoka kichaka kimoja, naye alipata ua mzima wa madume. Kadhalika angalichukua machipukizi ya jike moja tu, mahali pasipo dume karibu, asingalipata matunda pia.

Mbegu haiko hivyo. Mbegu ni mtoto wa baba na mama, nayo huweza kuwa dume au jike. Mtu akipanda mamia ya mbegu, hapana shaka atapata madume na majike yamechanganyika, na nyuki hawatakwenda mbali. Hii ndiyo sababu kubwa ya kusema: anayetaka ua tu na achukue machipukizi, lakini anayetaka ua na matunda, na aanze kwa mbegu.

Kwa nini mchongoma, wala si mti mwingine

Pengine mtu ataniuliza: Je, hakuna miti mingine ya ua iliyo rahisi zaidi? Iko. Mnyaa hushika kwa kijiti tu, lakini maziwa yake yakiingia jichoni huleta maumivu makali na hatari ya upofu. Mbono, ule wa uani, nao hushika kwa kijiti, na mbuzi hawaugusi. Lakini mbegu zake ni sumu, na watoto huzidhania karanga. Mkonge, uliofikishwa Tanga mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, nao hupandwa mipakani, lakini huchukua nafasi pana wala hauliwi.

Mchongoma una mwendo wa polepole kuliko yote hiyo, na hilo ni kweli, silifichi. Lakini huvumilia ukame na udongo maskini, na katika vichaka vya pwani huota wenyewe bila kutunzwa na mtu. Miiba yake hulinda. Matunda yake huliwa. Mti wake ni mgumu, hufaa kwa mipini na kwa nguzo ndogo, na matawi yanayopunguzwa huwa kuni njema. Tena ukikatwa huchipuka.

Wala si mti wa kwetu peke yetu. Huota katika sehemu kubwa ya Afrika, Bukini, na nchi za joto za Asia. Jina lake la kitaalamu ni Flacourtia indica. Neno la kwanza latokana na Mfaransa, Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa Kifaransa huko Bukini tangu mwaka 1648 hata mwaka 1655, na mwaka 1658 akatoa kitabu kikubwa cha habari za kisiwa hicho. Kwa hiyo Waingereza huliita tunda hili tunda la gavana. Sisi twaliita tunda la mchongoma, na ladha ni ile ile.

Kuchagua na kutengeneza mbegu

Haya, sasa tuanze kazi. Kwanza ngojeni matunda yaive sana. Tunda bichi ni la kijani. Likianza kuiva huwa jekundu. Likiisha kuiva huwa la zambarau iliyokolea, karibu na weusi, nalo hubonyea kidoleni. Tunda lisiloiva halina mbegu iliyokomaa. Chumeni katika vichaka vingi, wala si katika kimoja, tena chagueni vile vyenye matunda makubwa na matamu, kwa kuwa mtoto hufuata wazazi wake, ijapokuwa si kwa kila jambo.

Ni mbegu ngapi zitatosha? Tufanye hesabu. Shamba lenye futi 100 kila upande lina mzunguko wa futi 400. Tutapanda mistari miwili, na katika kila mstari mche mmoja kila futi mbili. Yaani miche 200 kwa mstari, jumla 400. Miche mingine itakufa, basi yafaa kuwa na 500. Na kwa kuwa si kila mbegu huota, pandeni mbegu 1,000. Kila tunda lina mbegu kadhaa, ndogo na bapa. Tukihesabu tano kwa kila tunda, matunda 200 yatatosha. Na hayo mtoto mmoja mwenye bidii huyachuma kwa asubuhi moja, kama asipoyala njiani.

Yapondeni matunda kwa mikono ndani ya maji, mbegu zitengane na nyama. Badilisheni maji mara mbili au tatu hata yawe safi. Mbegu zinazoelea zitupwe, maana aghalabu ni tupu; zinazozama ndizo nzuri. Zitandazeni juu ya mkeka kivulini siku moja au mbili zikauke kidogo. Msizianike juani, wala msiziweke ghalani mwaka mzima mkadhani zitangoja kama mahindi. Mbegu mpya ndiyo mbegu ya kutumaini.

Kitalu

Kitalu kiwe karibu na maji na karibu na nyumba, ili kionekane kila siku. Upana wake usizidi dhiraa mbili na nusu, mtu aweze kufikia katikati kwa mkono bila kukanyaga. Urefu ni kama upendavyo. Changanyeni udongo mweusi wa juu sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja, na mchanga sehemu moja. Lakini angalieni sana hapa, ninyi mkaao karibu na bahari: mchanga wa ufukoni una chumvi, nao huua miche. Tumieni mchanga wa mtoni au wa bondeni. Kadhalika maji ya kisima chenye chumvi yasitumiwe kitaluni, hata kama yatumiwa kuoshea vyombo.

Chimbeni vijifereji vidogo kwa kidole, vyenye kina cha nusu ya wanda. Pandeni mbegu moja moja, nafasi ya wanda tatu kati ya moja na nyingine, mzifunike kwa udongo laini, kisha mtandaze majani makavu juu. Jengeni kivuli cha makuti juu ya nguzo fupi. Nyunyizeni maji asubuhi na jioni kwa kopo lililotobolewa, wala msimwage kwa ndoo, maana maji ya nguvu huzifukua mbegu.

Baada ya hapo kazi ni kungoja, na hapa ndipo wengi hushindwa. Kunde huota kwa siku chache; mchongoma hauna haraka. Majuma hupita. Kisha hutoka mche mmoja huku, mwingine kule, na mbegu nyingine hukawia hata wenzake wamekwisha toa majani manne. Msikifukue kitalu kutazama. Endeleeni kutia maji, na kung'oa magugu yangali madogo. Miche ikitoka, ondoeni yale majani makavu yaliyotandazwa.

Mche ukipata majani manne au matano, uhamisheni kwa uangalifu, pamoja na udongo wake, uingie katika kopo lililotobolewa chini au katika kiriba. Watieni kivuli tena siku kumi. Baadaye punguzeni makuti kidogo kidogo, ili miche izoee jua kabla ya kwenda shambani. Mche uliolelewa kivulini siku zote, ukitolewa ghafula mchana wa jua kali, hufa kama mtu aliyetolewa ndani akaambiwa alime mchana kutwa.

Kupanda shambani

Wakati wa kuhamisha ni mwanzo wa masika, mwezi wa Machi au Aprili, ardhi ikiisha kulowa vema. Vuli nayo yafaa, lakini baada yake huja joto la kaskazi la Januari na Februari, na miche michanga huteseka. Mche uwe na urefu wa shubiri moja na nusu au zaidi.

Kabla ya kupanda, mwiteni jirani. Nasema hili kwa nguvu, kwa sababu ua hai hauhamishwi kama ua wa matawi makavu. Mkishapanda mahali pasipo penu, ugomvi wake utarithiwa na watoto. Piteni mpakani pamoja na jirani na mjumbe wa mtaa au kiongozi wa kijiji, mkubaliane, kisha pandeni futi tatu ndani ya mpaka wenu, kwani mchongoma hutanuka, na miiba inayotokeza njiani ni hatari kwa wapitao.

Chimbeni mtaro wenye upana wa futi tatu na kina cha futi moja. Mkikuta mwamba wa matumbawe, uvunjeni kwa mtaimbo kadiri mwezavyo, mkajaze udongo na samadi. Pandeni mistari miwili, dhiraa moja kati yake, na miche ya mstari wa pili isimame mbele ya nafasi za mstari wa kwanza, kama meno ya msumeno. Mbuzi akipenya nafasi ya kwanza, atakutana na mti wa pili.

Tena, msisahau kwamba mche mchanga hauwezi kujilinda. Mbuzi hula majani yake laini kwa furaha. Kwa hiyo miaka miwili ya kwanza ni lazima kuweka ua wa matawi makavu nje ya mistari. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuyakata matawi hayo. Paliliani magugu, na katika kiangazi cha kwanza tieni maji mara moja au mbili kwa juma.

Kupunguza matawi

Mtu asiyekata ua wake hupata msitu: juu mnene, chini wazi, na mbuzi hupita chini. Mwaka mmoja baada ya kupanda, kabla ya masika, ikateni miche yote kwa kimo cha goti. Najua moyo huuma kukata mti uliolelewa kwa taabu, lakini ukikatwa hutoa matawi mengi chini, na hayo ndiyo yanayoziba. Mwaka wa pili kateni kwa kimo cha kiuno. Baadaye uacheni ufike kifuani. Chini pawe pana na juu pawe pembamba, ili jua lifike mpaka kwenye mashina.

Ua unaokatwa kila upande kila mara hautoi maua mengi. Kwa hiyo fanyeni zamu: mwaka huu kateni upande wa nje, mwaka ujao upande wa ndani. Na michongoma ikianza kuchanua, ambayo huchukua miaka kadhaa, tazameni maua kama nilivyoeleza. Katika majike, chagueni moja kila hatua kumi, mkalifunge kitambaa, mliache lirefuke lizae. Acheni na madume machache kati yao. Pakiwa na pengo ambapo mche umekufa, hapo sasa chukueni chipukizi la jike mnalolijua kwa utamu wa matunda yake. Kwa kuwa madume mnayo, chipukizi hilo halitakuwa tasa.

Matawi yanayokatwa yasiachwe chini hata siku moja. Yakusanyeni kwa uma wa mti, myachome au myakaushe mahali pa mbali yawe kuni. Watoto wetu wengi huenda pekupeku, na mwiba wa mchongoma huingia ndani sana. Kidonda chembamba chenye kina, kilichoingia udongo, ndicho mlango wa pepopunda, ugonjwa uuao. Mtu akichomwa, autoe mwiba wote, aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha aende zahanati aulizwe habari ya chanjo yake.

Matunda

Tunda la mchongoma lina utamu uliochanganyika na ukali, na likichumwa tu huweza kukausha kinywa. Wanaolijua hulisugua kwanza kati ya viganja, polepole, hata lilainike lote. Hapo ule ukakasi hupungua. Watoto wafundishwe kula lililoiva tu. Tena wafundishwe kwamba si kila tunda la kichakani ni la kuliwa kwa sababu limo katika mti wa miiba. Wasilolijua, walilete nyumbani kwa mkubwa kabla ya kulitia kinywani.

Matunda yakiwa mengi, fanyeni jamu. Yaosheni, myachemshe kwa maji kidogo hata yapasuke, kisha myachuje kwa kitambaa safi kuondoa mbegu na maganda. Pimeni rojo lile kwa kikombe, mtie sukari kikombe kwa kikombe, mchemshe tena mkikoroga. Mkitaka kujua kama imeiva, tieni tone moja juu ya sahani baridi. Likiganda lisitiririke, ipueni, mtie katika chupa zilizochemshwa. Matunda machache yasiyoiva sana yakichanganywa na yaliyoiva husaidia jamu kuganda.

Mwisho wa habari ya babu

Babu hakuukata ua wake. Alizungusha pande tatu zilizobaki kwa miche aliyoiotesha kwa mbegu, na kitalu chake kilikuwa chini ya mwembe, mahali ambapo sisi wajukuu tulipewa kazi ya kutia maji. Mimi nilikuwa mvivu, na mstari wangu ndio uliokuwa na mapengo mengi. Michongoma ile ilipochanua, upande wa mashariki ulibaki bila tunda, kama ulivyokuwa siku zote. Lakini pande nyingine tatu vichaka kwa vichaka vilijaa matunda. Wale waliosema ua una nuksi walikuja na makapu. Na yule aliyeshauri ukatwe, babu alimchumia mwenyewe, kisha akampa na mbegu, maana yeye ndiye aliyekuwa na mbuzi wengi, na muhogo wake ulikuwa ukiliwa na mbuzi wa watu wengine.

Basi, ndugu zangu, mwaka huu matunda yakiiva, msiteme mbegu zote njiani. Walimu wawape wanafunzi kila mmoja kopo lake na mbegu kumi, na wazazi wawaonyeshe mpaka ulipo. Miaka mitatu ya taabu si mingi kwa ua utakaowalindia wajukuu shamba, na kuwapa kitu cha kula warudipo kutoka shule.

Kwa herini.